Amri ya Kwanza Ni Hewa

Wiki iliyopita jirani yangu aliishiwa na gesi. Akavuta stovu ya mafuta taa kutoka chini ya kitanda, akaiweka kwenye korido na kuanza kuipiga pampu. Mimi nilikuwa nakatakata sukuma wiki. Harufu ilipopenya chini ya mlango, kisu kikasimama chenyewe mkononi. Wewe uliyelelewa kwenye chumba cha mabati unaijua hiyo harufu. Inakaa kwenye nywele, kwenye sweta ya shule, hata kwenye mkate. Halafu ukaja ule mngurumo wa moto wa buluu, na mimi, mama mzima mwenye mtoto wa shule, nikajikuta nimekaa kwenye ukingo wa kitanda.

Kabla sijainuka, Tasha wangu akaingia mbio. Alikuwa ameshinda kwenye ukumbi wa kanisa hapa kwetu Kawangware, ambako kuna kijana anafundisha watoto kompyuta kila Jumamosi.

"Mama, leo tumejifunza kufuta! Unaandika amri moja tu, mlima wote unaisha. Halafu hapo ndio unajenga!"

"Unajenga na nini?"

"Na matofali ya kwenye gemu. Lakini huweki moja moja na mkono, hiyo ni ya watoto. Unaandika, inajijenga yenyewe."

Nikamwambia hatarudi huko. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu nimesema. Akajitupa kitandani akalia, nami nikafungua redio, ilikuwa ni matangazo ya dawa ya mifugo, nikaipandisha sauti mpaka mwisho.

Watu husema nina hasira nyingi kwa umri wangu. Ni kweli, na sina mpango wa kuipunguza ili mtu apate usingizi. Lakini Tasha hakuelewa, na mimi sikuweza kumweleza kwa mdomo. Kwa hivyo, kabla sijaamua kama atarudi kwenye ule ukumbi au hatarudi, nimeona niandike nilichokiona nilipokuwa mkubwa kidogo kuliko yeye. Nawaandikia watu wa rika langu, ambao sihitaji kuwaeleza ploti ni nini.

Yetu ilikuwa Kianda, Kibera, upande wa kwenda Olympic. Vyumba kwa safu, mlango ukitazama mlango, mfereji wa maji machafu katikati na choo mwisho. Baba alikuwa ameenda nyumbani Magharibi kuzika mtu na hakurudi. Si kwamba alikufa. Hakurudi tu. Mama alifua nguo za watu kule Nyayo Highrise, akirudi vidole vimekunjamana kama vya mtoto aliyekaa sana kwenye karai. Walimwita Mama Nafula, kwa sababu Nafula ni mimi.

Ukuta wetu mmoja ulikuwa pia ukuta wa Mama Brayo, aliyeuza mandazi. Bati moja tu. Akikohoa, unamwambia pole bila kuinua kichwa. Upande wa pili alikaa fundi Ouma, aliyetengeneza makochi. Hakuna kilichofichika. Mtu akipiga mswaki ploti nzima inajua.

Sasa Mama alikuwa na tabia moja ambayo sikuielewa. Huyu mwanamke angenifokea nikiwasha njiti mbili za kiberiti mahali pa moja. Lakini kuna jioni nyingine, chakula kimeshaliwa na sufuria zimeoshwa, aliingia nyuma ya pazia lililogawanya chumba chetu, akaipiga pampu ile stovu, akaiwasha, akaiacha ingurume. Hakukuwa na kitu juu yake. Hata maji. Nikimuuliza kutoka upande wa pili wa pazia, alisema, "Nakausha unyevu, Nafula. Soma." Nikaamini stovu huingiwa na unyevu, kama mtu anavyoshikwa na mafua. Nilikuwa hata nikiwaeleza watoto wengine, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba stovu lazima ikaushwe.

Karibu na kanisa letu kulikuwa na kontena la bluu lililotobolewa madirisha. Ndani kulikuwa na kompyuta chache zilizochoka na Ticha Achieng', msichana aliyekuwa amemaliza chuo juzi tu na bado ana vipele usoni. Harufu ya mle ndani siwezi kuisahau: vumbi lililopata moto, plastiki, na jasho la watoto wawili wawili kwenye kiti kimoja. Mimi niliketi na Brayo, mtoto wa Mama Brayo, ambaye alinisukuma kwa kiwiko mpaka nikajifunza kumsukuma zaidi.

Mchezo wenyewe ni ulimwengu wa matofali. Jua ni mraba, ng'ombe ni sanduku lenye miguu. Siku ya kwanza tulicheka ng'ombe mpaka Ticha akatishia kuzima stima. Halafu akatuonyesha kwamba unaweza kuacha kugusa tofali kabisa, ukaandika amri, na ulimwengu ukakutii. Mtoto wa Kibera, fikiria. Hata mbwa wa mtaa hakututii.

Kila kitu mle kilikuwa na namba yake. Jiwe ni moja. Mbao ni tano. Kioo ni ishirini. Na hewa, ndiyo, hata hewa ina namba. Hewa ni sifuri. Ticha aliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake: AMRI YA KWANZA NI HEWA. Yaani kabla ya kujenga popote, unasema kutoka kona hii mpaka kona ile, jaza sifuri. Mti unaondoka, kilima kinaondoka, ng'ombe akiwa hapo ni shauri yake. Kiwanja kinabaki safi. Amri ya pili ndiyo inayojenga. Na ili usipotee, kwenye kona unayoanzia unaweka tofali moja jekundu.

"Ukisahau hewa," alisema Ticha, "nyumba yako itaota ndani ya mti, na mti utaota sebuleni."

"Ticha, na ukisahau amri ya pili?" Brayo akauliza.

"Nani atasahau kujenga? Si ndio maana umekuja?"

Siku alipotuambia kila mtu ajenge nyumba, alijenga yake kwanza kama mfano: kuta nne, paa, bustani, imesimama peke yake katikati ya majani. Tukaangaliana. Mimi na Brayo tulijenga chumba, tukaiambia mashine irudie, chumba kikajipachika kwenye chumba, safu nzima. Tena kila marudio yalijenga kuta tatu tu, kwa sababu wa nne ni wa jirani. Ndani ya kila chumba tukaweka ukuta mwembamba wa matofali ya sufi. Ticha akainama juu yetu.

"Hii sufi ni ya nini?"

"Pazia, Ticha. Sasa wazazi watalala wapi?"

Alicheka, akaenda kusimama mlangoni kwa muda, akarudi. Kuanzia siku hiyo aliacha kutumia ile nyumba yake ya bustani.

Halafu akatuletea habari. Kuna barabara kubwa itapita mtaani kwetu, na watu wa ofisi inayoijenga wanataka kusikia maoni ya wakazi, hata ya watoto. Tujenge mtaa tunaoutaka, nao watakuja kuuona. Ticha mwenyewe aliamini. Nimelifikiria hili miaka mingi, na hasira yangu kila mara hufika mpaka kwake ikasimama. Alikuwa msichana mdogo kuliko mimi nilivyo leo.

Nilifika nyumbani nikawaambia watu kwenye bomba: tunajengewa ploti mpya, ninaiandika mimi, kila mtu aseme anachotaka. Unajua watu wa ploti. Walianza kwa mzaha.

"Niwekee dirisha linaloangalia barabarani," alisema Mama Brayo. "Nione wateja wakija. Na nimuone mume wa mtu akipita na asiye wake."

"Wewe hata bila dirisha unaona!" akasema fundi Ouma. "Mimi, bosi wangu mdogo, nataka mlango mpana. Kochi la watu watatu lipite bila kung'olewa miguu. Nimechoka kujenga kitu mara mbili."

"Na paa lisilopiga kelele mvua ikinyesha," mtu akadakia.

"Na choo kiende mbali, Kambi Muru huko!"

Kufikia Jumatano mzaha ulikuwa umeanza kuzeeka ukawa kitu kingine. Mtu alinisimamisha nikienda shule kunikumbusha bomba lake. Mwanamke ambaye hakuwahi kunisalimia aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama chumba chake kinaweza kuwa karibu na cha dada yake. Nilisema kinaweza. Kwangu kilikuwa kinaweza.

Mama peke yake hakuwa ameomba kitu. Nilimfuata akianika nguo.

"Na wewe, Mama?"

Akabana kibanio, akafikiria. "Niwekee ukuta mnene. Huo wa kwa Mama Brayo."

"Ah! Kwani mimi nanuka?" Mama Brayo akapiga kelele kutoka kwenye mandazi yake.

"Ni hiyo redio yako," Mama akamjibu, wote wakacheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu ukuta mnene ni shida. Ukiunenepesha ukuta mmoja kwenye safu inayojirudia, vyumba vyote vinavyofuata vinasukumwa mbele, milango inahama, dirisha la Mama Brayo linaangalia choo. Nilimwambia Mama hivyo. Akasema basi, aache. Lakini sikuacha. Niling'ang'ana Jumamosi nzima, Brayo akininung'unikia, "Nafu, ambia tu mathako haiwezekani, mi nataka kutengeneza uwanja." Mwishowe Ticha akanifundisha neno jipya. "Kama." Kama chumba ni hiki, fanya hivi; la sivyo, endelea kama kawaida. Nikaandika: kama ni chumba cha Mama, ukuta uwe wa mawe matatu. Nikabonyeza. Safu ikajijenga kutoka mwanzo hadi mwisho, na hapo katikati ukasimama ukuta mmoja mnene, na hakuna mlango wa mtu uliohama. Nilipiga kelele mpaka watu wa kanisani wakachungulia.

Watu wa ofisi walikuja kweli. Wanaume wawili na mwanamke, vitambulisho shingoni, viatu vyao vikilia kwenye sakafu ya kontena. Niliwaonyesha mlango mpana, dirisha, bomba, wale dada wawili. Mmoja alinipiga picha nikiwa nimeshika kipanya. Yule mkubwa wao aliinama mpaka nikanusa peremende mdomoni mwake, akasema, "Kazi nzuri sana. Tutalifanyia kazi."

Wewe msomaji umelisikia neno hilo kwenye maofisi, umelisikia kwa chifu, na unajua uzito wake. Mimi nilikuwa mtoto. Nilisikia mtu mzima akisema atafanya kazi.

Kwa hivyo walipokuja wengine, waliovaa makoti yenye utepe wa kung'aa, wakapaka rangi nyekundu kwenye kona ya ploti yetu, nilijua kabisa ninachokiona. Tofali jekundu. Kona ya kuanzia. Nilikimbia mlango kwa mlango.

"Wameweka alama! Wanaanza na sisi!"

Fundi Ouma alikuwa amesimama mbele ya alama hiyo, msumari bado mdomoni, akaigusa kwa kidole, kidole kikawa chekundu. Akafungua mdomo kuniambia kitu.

"Mwache," Mama akasema.

"Mama Nafula, huyu mtoto lazima aambiwe."

"Nimesema mwache."

"Ouma, acha mtoto afurahi," Mama Brayo akasema. "Sisi wengine tutalia kwa zamu."

Jioni hiyo stovu ilikaushwa unyevu kwa muda mrefu kuliko siku zote.

Mwenye ploti alikuja kutoka kwake Kawangware, mzee wa kofia ya sufi, akasimama katikati ya mfereji akieleza kwamba hata yeye ameletewa tu habari, na kwamba ana vyumba huko kwake kwa watakaoweza kwenda. Watu walimtukana. Aliondoka akipangusa macho, na mimi nilishangaa mzee mzima analia kwa sababu anajengewa ploti mpya. Nilidhani ni furaha.

Asubuhi yenyewe nilivaa gauni la kanisani. Mama aliniona, akanifunga zipu.

Tulitoa vitu nje. Kitanda, magodoro, karai, makochi ya Ouma ambayo hayajamalizika, yakiwa na miguu juu. Nilikalishwa juu ya godoro na kupewa stovu niishike nisiimwage. Tingatinga lilikuwa la njano na lilinuka kama stovu yetu, ila stovu elfu. Lilianzia kwenye alama nyekundu. Hilo nililitarajia. Bati likalia, ukuta wa Mama Brayo ukalala, ukuta wetu ukalala pamoja nao kwa sababu ni ule ule. Watu walipiga mayowe. Nilimtafuta Brayo kwa macho nikamwona amesimama na mama yake, akanitazama, na nilimwonyesha kwa kidole nikimwambia bila sauti: hewa. Hii ni amri ya kwanza. Tulia.

Sikulia. Nataka hili lieleweke. Nilikuwa mtoto pekee asiyelia pale, kwa sababu ndimi pekee niliyeamini nilichosomea.

Kiwanja kilipobaki safi, tingatinga likazima. Vumbi likashuka taratibu juu ya gauni langu. Nikangoja. Watu wakaanza kuokota mabati yao, na mimi nikangoja. Jua likapanda. Mwishowe niliteremka kwenye godoro na stovu yangu, nikaenda kwa mmoja wa wale wenye makoti ya kung'aa.

"Sasa mnaanza saa ngapi?"

"Kuanza nini?"

"Kujenga. Amri ya pili."

Aliniangalia. Akaangalia gauni langu. Alivua kofia yake ngumu, akageuka kumtafuta mwenye mtoto huyu. "Mama, huyu anasema nini?"

Mama alikuja. Nikamwambia yule mtu, polepole, kama unavyomweleza mtu asiyejua kompyuta: kuna ukuta wa mawe matatu hapa, mlango mpana pale, dirisha kule, na asisahau wale dada wawili. Yule mtu alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu alitoa chupa yake ya maji, akanipa, akaondoka. Nilikunywa. Mpaka leo nashindwa kumchukia vizuri.

Nadhani ni hapo Mama alipojua. Alikuwa amedhani ni mchezo wa mtoto, kitu cha kunifariji, hakujua kwamba nilikuwa nimeiamini kama anavyoamini yeye Biblia. Alinichukua mkono, akanirudisha kwenye godoro. "Mayi," aliniita, yaani mama kwa lugha ya kwetu, kama mama yake alivyomwita yeye. "Mayi, kaa hapa." Akanipokonya stovu. Akaiweka chini, juu ya udongo pale ambapo mlango wetu ulikuwa, akapiga pampu, akaiwasha. Hakukuwa na sufuria. Ikaanza kunguruma.

Akainama juu yake akageuza uso, kama alivyozoea. Lakini hakukuwa na pazia.

Nilimwona. Mdomo wazi, shingo imesimama mishipa, machozi na makamasi, na sauti yote inaingia kwenye ule mngurumo, hata mimi niliyekuwa hatua mbili kutoka kwake sikusikia kitu. Mama Brayo alikuwa karibu, amefunga mandazi kwenye kanga. Alimwona pia. Na nikaona kwenye uso wake kwamba yeye hakushangaa. Bati moja tu. Alikuwa akijua siku zote, na siku zote alikuwa ameipandisha redio yake.

Stovu haikuwahi kuwa na unyevu.

Tulihamia Kawangware, kwenye vyumba vya yule mzee. Wengine walitawanyika, Mama Brayo akaenda kwao na sikumwona tena. Kontena lilikuwa mbali, na hata lingekuwa karibu nisingeingia. Nilimaliza sekondari nikiwa na alama za kutosha kwa kitu fulani, lakini walipotuuliza nani anataka kusoma kompyuta, nikaweka mikono mfukoni. Nikapata Tasha. Baba yake alienda kazini upande wa Mombasa Road akapotelea huko huko. Mama amerudi nyumbani Bungoma, analima, ananiambia kwenye simu kwamba huko kuta ni za udongo mnene na analala vizuri.

Hiyo ndiyo sababu nilimwambia Tasha hapana. Si kwa sababu kompyuta ni mbaya. Ni kwa sababu sitaki mtu mwenye kitambulisho shingoni ainame karibu na uso wa mtoto wangu.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapa Jumamosi nyingine ilipofika, nikamshika mkono nikampeleka mwenyewe kwenye ule ukumbi. Nilienda kugombana, sitadanganya. Kijana mwenyewe ana rasta fupi na tabasamu la mtu ambaye hajafukuzwa mahali.

"Niaje, Mama Tasha! Karibu."

"Usiniambie niaje. Nani alikutuma ufundishe watoto kubomoa?"

Watoto wote wakageuka kutuangalia. "Si kubomoa, mathee. Tunasafisha tu kiwanja."

"Najua mnachofanya. Mnajaza sifuri kutoka kona mpaka kona."

Akanitazama upya. "Kumbe uko ndani ya hii maneno?"

"Waambie hakuna mtu atakuja kuwajengea. Waambie saa hii, nikisikia."

Hakunikasirikia. Aliwageukia wale watoto, akauliza kwa upole, kana kwamba ni swali la kawaida. "Wasee, hii mtaa tunajenga hapa, kuna mtu atakuja kutujengea kwa ukweli?"

"Hapanaaa!" wakaimba.

"Nani atujengee?" akasema kasichana kamoja mbele, kakiwa hakajaacha kuandika. "Choo cha shule tu imewashinda."

Wakacheka wote. Sikujua kama nishukuru au nilie. Sisi tulikuwa tunaamini katika umri huo. Hawa wameshaacha.

"Mama," Tasha akasema, akinivuta sketi, "mimi nilijua ni gemu. Kwani mi ni mjinga? Kaa hapa."

Nikakaa. Kiti kilikuwa cha mtoto, magoti yangu yakafika kifuani. Mashine zilinuka vumbi la moto, harufu ile ile. Tasha akaandika amri ya kwanza, na kilima chenye miti kikaondoka, kikabaki kiwanja. Nilijikaza. Halafu akanigeukia.

"Sasa tujenge nini?"

Nilidhani nimesahau. Nikamwambia jenga chumba, kiambie kijirudie, kuta tatu tu, wa nne ni wa jirani. Hapa mlango mpana, kuna fundi wa makochi. Hapa dirisha la barabarani, kuna mama wa mandazi anapenda kuona mambo ya watu. Hawa wawili ni dada, wasitenganishwe. Walinijia mmoja mmoja na sauti zao. Tasha aliandika kwa vidole viwili, ulimi nje.

"Na chumba hiki," nikasema, "weka kama. Kama ni chumba hiki, ukuta uwe wa mawe matatu."

"Ni cha nani?"

"Cha kukhu wako, mama yangu."

"Kukhu anataka ukuta mnene wa nini?"

Nilitafuta uongo, sikuupata wowote wa haraka. "Ili alie bila majirani kusikia."

Aliandika. Hakushtuka hata kidogo. Alimaliza mstari, akabonyeza, tukauangalia ukuta ukisimama. Halafu akaweka vidole tena kwenye kibodi na kusema, bila kunitazama, kwa sauti ya kazi:

"Na wewe nikuwekee? Ndio uache kufungua redio."

Kila mtu ukumbini aliendelea na shughuli yake. Mimi niliangalia skrini mpaka matofali yakaanza kuyeyuka machoni, na sikuwa na stovu wala redio wala pazia, ni mimi tu na mtoto wangu kwenye viti vifupi.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi niwekee dirisha. Kubwa. Likuangalie wewe."

"Sawa. Kioo ni namba ngapi?"

"Ishirini," nikasema.